Kitenge cha Wahitimu Mashuhuri

Siku ya mwisho ya kidato cha nne, Sista Evelyn alituita ofisini mmoja mmoja, akatutabiria. Hakuwa mtabiri, alikuwa mkuu wa shule, lakini katika Sekondari ya Wasichana ya Mtakatifu Ludovika, pale Upanga, tofauti ya vyeo hivyo viwili hatukuijua. Candida aliambiwa ataongoza watu. Khairunnisa aliambiwa atakuwa mwanasheria, kwa sababu hakuwahi kukubali kosa hata akikutwa nalo mkononi. Rachel aliambiwa atatibu wagonjwa. Zamu yangu ilipofika, Sista alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kwa muda mrefu.

"Mauza," akasema. "Mungu akusaidie."

Basi, sikuongezwa hata neno. Miaka thelathini na saba neno hilo limenikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Nisiseme uongo, Sista alikuwa na sababu. Mimi ndiye niliyekuwa mgonga kengele wa shule. Binti wa Kiislamu, wa ukoo wa Kiarabu, baba yangu mzee Taimur mwenye duka la vitambaa Kariakoo, nami nikagonga kengele ya Malaika wa Bwana saa sita mchana kwa miaka minne, kwa kuwa darasa zima ni mimi peke yangu niliyekuwa na saa ya mkononi inayotembea. Wenzangu wakisali, mimi nikisimama pembeni kwa adabu na kamba mkononi. Tatizo ni kwamba nilikuwa pia nauza kashata wakati wa mapumziko, na dakika ishirini hazitoshi kumaliza sinia. Kwa hiyo saa yangu ikapata ugonjwa. Ikikaribia saa nne inakimbia, mapumziko yakianza inachoka. Siku Sista alipogundua kwamba shule nzima, pamoja na walimu, pamoja na padri, imeishi muhula mzima kwa kufuata saa ya kashata, hakunichapa. Alikula kashata moja, akanirudishia sinia.

Mwaka huu Ludovika imetimiza miaka sitini. Kamati ya jubilei ikaundwa, na Candida akawa mwenyekiti bila ya kupigiwa kura, maana alikuwa dada mkuu wa shule mwaka wetu na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumvua cheo hicho. Ikatangazwa kwenye grupu la WhatsApp kwamba Sista Evelyn, mwenye miaka themanini na nane sasa, ataletwa kutoka Moshi kwenye nyumba ya masista wazee, awavishe mashada ya maua wahitimu mashuhuri kumi wa shule, kisha wakae naye meza kuu.

Niliyasoma hayo nikiwa dukani, nikakaa juu ya majora ya vitenge. Nilitaka meza kuu hiyo. Sikutaka kitu kingine duniani. Nimesomesha watoto wanne, nina duka la milango miwili Mtaa wa Mchikichi, wateja wananijia kutoka Lubumbashi. Nilitaka yule mwanamke avue miwani, aifute, aivae tena, aone.

Orodha ilipotoka sikuwemo. Alikuwemo Khairunnisa, ambaye ni jaji, na huyo sina la kusema. Alikuwemo Candida mwenyewe, kwa unyenyekevu mkubwa. Alikuwemo mbunge wa zamani aliyekaa bungeni miaka kumi bila ya kuuliza swali. Alikuwemo mmoja anayeishi Toronto. Hakuna ajuaye anafanya nini Toronto, ila anaishi.

Jumatatu Candida akashuka dukani kwangu na wanakamati wawili.

"Mambo, Mauza?"

"Poa, dada mkuu. Karibuni."

"Shoga, tunataka sare."

Kwetu sisi shughuli bila ya sare ni mkusanyiko tu. Harusi ina sare, kipaimara kina sare, na kuna mteja wangu mmoja aliyewashonea mashoga zake sare siku alipopewa talaka. Kwa hiyo sikushangaa. Nilishangaa aliposema anataka za aina mbili.

"Wahitimu wa kawaida wavae yao, na wale mashuhuri wavae ya kwao," akaeleza. "Sista macho yake hayaoni sura vizuri siku hizi, ila rangi anaziona. Hatutaki apate shida."

Wakapekua duka saa nzima. Kwa ajili ya mashuhuri wakachagua kitenge cha zambarau chenye tausi wa dhahabu, kizuri mpaka Nurdin, fundi wangu, akasimamisha cherehani akitazame. Kwa ajili yetu sisi wengine wakachagua cha manjano. Mwenye kiwanda labda alikusudia kuchora maua, lakini ukikitazama unaona mahindi. Mahindi ya kuchoma, tena yaliyoungua upande mmoja.

"Hiki nacho kinapendeza," akasema Candida, ambaye hakuwa wa kukivaa. "Sasa nisikilize. Tausi ukate vipande kumi. Kumi, Mauza. Akija mtu ambaye hayumo kwenye orodha, mwambie kimekwisha. Apa."

"Wallahi," nikasema. Na nilikuwa na nia ya kweli, kwa muda wa dakika ishirini hivi.

Nurdin anashona barazani kwangu tangu enzi za baba, na ana ugonjwa wa kuhesabu vitu visivyomhusu. Candida alipoondoka akanyanyua miwani.

"Bi mkubwa, si kasema kumi?"

"Kasema kumi."

"Mbona unakata cha kumi na moja?"

"Fundi, shona."

Nilijiambia hivi: siku yenyewe watu watakuwa wengi, nani atahesabu? Nitavaa tausi, nitajipanga na tausi wenzangu, Sista atanivisha shada, nitakaa. Wakija kugundua nimeshakaa, na kumnyanyua mwanamke wa uzito wangu kitini si kazi ya kamati.

Kesho yake akaja Rachel. Yule aliyetabiriwa kutibu wagonjwa sasa ana duka la dawa za kuku na ng'ombe Buguruni, kwa hiyo siwezi kusema Sista alikosea. Alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya duka lenye giza.

"Mauza, kile kitenge cha tausi. Si changu mimi. Nimetumwa na dada yangu."

"Una dada?"

Rachel ni mtoto wa pekee. Shule nzima ilijua, kwa jinsi alivyokuwa hajui kugawana chakula.

"Wa baba mdogo," akasema.

Nilimtazama nikajiona mwenyewe, ila nimevaa miwani. Nikamkatia. "Usimwambie mtu," nikamwonya. "Nimwambie nani mimi?" akajibu, akakificha chini ya mkoba.

Alimwambia mtu. Jumatano wakaja wanne, Alhamisi tisa. Mmoja alikitaka cha mapazia. Mmoja cha mama mkwe, mgonjwa, anapenda ndege. Mmoja aliniapia kwamba ameota Mtakatifu Ludovika kamjia na kumwambia avae zambarau, na huyo nilimkatia haraka sana, maana mimi sibishani na mtakatifu wa watu. Kila mmoja aliingia akitazama nyuma, na kila mmoja alinisisitizia ni siri. Nami nikawa natunza siri zao zote, bega kwa bega, zikifanana kama vipande vya jora moja. Jora lilipokwisha nikakimbilia kwa mdogo wangu Ubeid, mwenye godauni mtaa wa pili.

"Dada, hiki kitenge kina nini?" Ubeid akauliza nilipokuja mara ya tatu.

"Kina elimu," nikamwambia.

Wiki ya mwisho akarudi Candida, safari hii peke yake, akapitia mlango wa nyuma.

"Vipande viwili tu, shoga. Cha mdogo wangu na cha wifi yangu. Walisoma Ludovika wale."

"Wamo kwenye orodha?"

Candida akapandisha mabega kama alivyokuwa akifanya tulipomkuta amelala kipindi cha dini. "Orodha, Mauza, ni kitu kinachokua."

Nikamkatia. Barazani Nurdin akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Ilipofika Ijumaa, siku moja kabla ya jubilei, tausi alikuwa amekwisha kwangu, amekwisha kwa Ubeid, amekwisha Kariakoo nzima. Jora la mahindi lilikuwa palepale, paka wa duka amelifanya kitanda. Hilo halikunishtua. Nilijua sisi Wabongo, nikasema wa mahindi watakuja dakika za mwisho.

Alikuja mmoja. Vicky aliingia saa tisa alasiri, mwembamba vilevile kama zamani, mikono ina vumbi la chaki, ametoka kazini Kigamboni, akavuka na kivuko cha Magogoni na kuja kwa miguu kutoka Kivukoni.

"Nisamehe nimechelewa, mwaya. Nikatie kile cha manjano."

"Cha manjano?"

"Si ndicho chetu? Wamesema mashuhuri ni kumi, mimi simo." Alisema bila ya uchungu wowote, kama mtu anayekwambia leo Ijumaa.

Hapa lazima niwaeleze Vicky ni nani. Kidato cha pili nilikuwa wa kufukuzwa. Kugawanya kulinishinda, asilimia ndiyo usiseme. Vicky, aliyekuwa wa kwanza kila muhula, alikuwa akikaa nami chini ya nguzo ya kengele, anachora kwa kijiti mchangani, anaanza upya mara kumi bila ya kupandisha sauti. Mpaka leo nikipiga hesabu dukani, sauti ninayoisikia kichwani ni ya Vicky. Ameishia kufundisha darasa la kwanza, mwaka wa thelathini na moja huu. Kila Januari anapokea watoto themanini wasioijua a, na kila Desemba wanatoka wanasoma. Zidisheni wenyewe. Mimi nimeshazidisha, maana ndiye aliyenifundisha.

Kabla sijamtoa paka juu ya jora, Vicky akaliona gauni langu la tausi, limetundikwa kwa Nurdin, limekwisha, vifungo vyote.

"La nani hili?"

"La bi mkubwa," akasema Nurdin, mnafiki mkubwa.

Vicky akapiga makofi. "Mauza! Kumbe umo! Nilijua tu watakuweka. Nilimwambia hata mume wangu, Mauza lazima awepo. Umestahili, mwaya." Akanikumbatia, chaki zote zikahamia kwangu.

Wateja zaidi ya mia na hamsini walikuwa wamenidanganya mwezi mzima na sikuumia hata kidogo. Huyu mmoja aliyenisadiki ndiye aliyenikata maini. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda na joto masikioni, na sikujua niiweke wapi.

"Si langu," nikasema. "Ni lako."

"Langu?"

"Wamekuongeza. Candida alikuja juzi na vitenge akachukua. Orodha ni kitu kinachokua."

Vicky akalitazama gauni, akajitazama. Ndani ya lile gauni angeweza kuingia na nusu ya darasa lake. "Mbona kubwa hivi?"

"Fundi alikosea vipimo."

Nurdin ameshona miaka arobaini bila ya kukosea hata mkono wa shati. Alinitazama, akamtazama Vicky, akashusha pumzi. "Nimekosea," akasema kwa taabu, kama anayetoa jino. Akalipunguza pale pale, kulia na kushoto, na mabaki yakatosha kilemba, pochi, na foronya mbili. Vicky akaondoka akilibeba mikononi kama mtoto mchanga. Mimi nikamfukuza paka.

Jumamosi niliingia getini Upanga nimevaa mahindi, nimejipa moyo. Nitakuwa mmoja wa wengi, nikasema. Tutakaa nyuma sisi watu wa mahindi, tutakula pilau, tutawasengenya watu wa meza kuu, itakuwa raha.

Uwanja mzima ulikuwa zambarau.

Nilitazama kulia, tausi. Nikatazama kushoto, tausi. Jaji Khairunnisa alisimama na tausi wake mabegani, uso umekunjamana, kabanwa kati ya Rachel na yule mwenye ndoto. Mashoga waliokutana ana kwa ana walikuwa wakitazamana kuanzia miguuni kwenda juu, kila mmoja akimwona mwenzake tapeli. Hapakuwa na mahindi hata punje moja isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeuza kwa bidii mpaka nikajiuzia fedheha mwenyewe.

Candida alinifikia akipangua watu. "Mauza, uliapa!"

"Niliapa," nikasema. "Mdogo wako hajambo? Na wifi?"

Akageuka, akaondoka.

Misa ilisaliwa, nami nikakaa benchi la mwisho kama zamani. Baada ya Misa zikaja hotuba, na pilau ikaanza kunukia kutoka nyuma ya bwalo, na hotuba hazikwisha. Sista Evelyn alikuwa meza kuu, kajikunja na kuwa mdogo, na pembeni yake viti kumi vitupu. Vicky nilimwona katikati ya umati, kilemba kimemkaa vizuri. Alipoliona gauni langu la manjano uso wake ukabadilika. Vicky hajawahi kuhitaji muda mrefu kupata jibu la hesabu.

Mshereheshaji, MC Wilbert, ambaye hakuna aliyemweleza chochote, akashika kipaza sauti. "Itifaki imezingatiwa! Sasa ni wakati tuliousubiri. Wahitimu mashuhuri wa Ludovika, waliovaa zambarau, simameni mje mvishwe mashada!"

Viti vililia uwanja mzima. Walisimama mia na sitini na kitu. Mashada yalikuwa kumi, yamepangwa kwenye sinia, na mwanakamati aliyelishika akaanza kurudi nyuma. Mimi nilibaki nimekaa, peke yangu, manjano katikati ya zambarau, nikitamani ardhi inimeze pamoja na kiti.

Sista akanyanyuka kwa mkongojo wake. Akatazama mbele, akatazama pembeni.

"Wote hawa?" akauliza.

MC Wilbert akapekua karatasi. "Inaonekana, Sista."

"Kumbe nilikuwa mwalimu hodari kuliko nilivyojua," akasema Sista, na hakuna aliyethubutu kucheka. "Na yule wa manjano, aliyekaa?"

"Yule ni wa kawaida, Sista."

"Wa kawaida yuko mmoja tu?"

"Mmoja tu, Sista."

"Basi niletee huyo. Hawa ni wengi, siwezi kuwamaliza."

Nilitembea uwanja mzima na mahindi yangu, na sikumbuki nilivyofika. "Shikamoo, Sista," nikasema.

"Marahaba." Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. "Mauza binti Taimur."

"Abee, Sista."

"Hivi vitenge nani kaviuza?"

Macho ya watu mia na sitini yalinigeukia, na ya kwanza yalikuwa ya Candida. "Mimi, Sista."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na chako kiko wapi?"

Vicky alikuwa ameshasogea mbele, machozi yanamtoka, ameshika kilemba mkononi anataka kunirudishia mbele za watu. Sista akamtazama yeye, akayatazama mahindi yangu, akatazama ile mishono miwili mikubwa ya Nurdin ubavuni mwa gauni. Kisha akachukua shada moja kwenye sinia, akamvisha Vicky shingoni, akamwonyesha kiti cha kulia kwake.

"Siku ile nilikwambia Mungu akusaidie," akaniambia, sasa kwa sauti ya sisi wawili. "Ulinuna ukatoka bila ya kuaga."

"Nilidhani umekata tamaa nami, Sista."

"Nilikuwa nasali, mtoto wewe. Wenzako niliwatabiria tu. Wewe peke yako ndiye niliyekuombea, na nimekuombea mpaka leo asubuhi." Akanishika mkono, ule wenye saa. "Naona Mungu amechelewa kidogo, lakini amefika."

Nililia pale pale, mbele ya jaji, mbele ya mbunge wa zamani, mbele ya mtu wa Toronto. Sista akaniacha nilie mpaka aliponiona napenga kamasi kwenye ncha ya mtandio. Kiti cha kushoto kwake kilikuwa kitupu, akanikalisha. Nilikaa meza kuu, na harufu ya pilau ikaja, na MC Wilbert akatangaza kwamba bado kuna wasemaji wanne.

Sista akaninong'oneza. "Saa yako inasemaje?"

Nikatazama. "Saa sita kasoro dakika kumi, Sista."

"Nenda kagonge kengele, watu wapate kula."

"Lakini bado dakika kumi," nikasema, na naapa ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema saa ya kweli katika shule ile.

"Najua," akasema Sista Evelyn. "Gonga."

Nikaenda, nikashika kamba, nikagonga.